Pazia, Taa, Mkeka au Rangi: Kipi Kianze Katika Nyumba ya Kupanga ya Mwambao

Mtu anayepanga chumba na sebule Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, akiwa na akiba ndogo na nia ya kweli ya kuifanya nyumba yake ikalike vizuri zaidi, hupewa ushauri mwingi unaoanzia dukani: anunue zulia, abadilishe makochi, apake rangi, atundike picha ukutani. Ushauri huo una faida yake, lakini unaruka swali la msingi, yaani ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu huyo arudi kwake jioni na badala ya kupumzika ajione amechoka zaidi. Katika mwambao wa Afrika Mashariki jibu kwa kawaida ni joto lililonaswa ndani, mwanga usioendana na saa za kupumzika, au vitu vilivyobanana hadi hewa na watu wakakosa njia. Mapambo yakitangulia kabla ya mambo hayo kushughulikiwa, fedha huisha na adha hubaki palepale.

Kwa sababu hiyo ninapima kila badiliko kwa maswali matatu. La kwanza ni saa ambazo badiliko hilo huhisiwa, kwa kuwa kitu kinachopendeza mchana hakimsaidii mtu anayerudi nyumbani saa moja usiku. La pili ni kama mpangaji ataweza kuhama nacho, maana wengi hulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka bila kujua kama wataongeza. La tatu ni kama panahitajika ruhusa ya mwenye nyumba au mkono wa fundi. Bei nimeiweka nyuma ya hayo matatu, kwa sababu katika suala hili vitu vya bei nafuu mara nyingi ndivyo vinavyofanya kazi kubwa.

Dirisha: pazia zito, pazia jepesi, au kivuli cha nje

Naanza na dirisha, na nitakaa hapa kuliko penginepo, kwa kuwa ndiko nyumba nyingi za mwambao zinakoshinda au kushindwa.

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo mwaka mzima jua la adhuhuri hupita juu sana. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini hulindwa na ukingo mfupi tu wa paa, hata mwezi Juni jua linapoelemea kaskazini na mwezi Desemba linapohamia kusini. Dirisha linalotazama magharibi halina kinga hiyo, kwani kuanzia saa tisa alasiri jua huwa limeshuka na linapenya chini ya ukingo wa paa moja kwa moja hadi kitandani. Ukitaka kuhakikisha kama hili ndilo tatizo lako, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, kwa ndani, saa mbili usiku. Ukuta wa tofali za saruji ulioshinda juani huwa bado una moto unaohisika, na moto huo utaendelea kutoka taratibu ukiingia chumbani hadi usiku mwingi, wakati wewe unajaribu kulala.

Pazia zito la ndani, lile la kitambaa kinene chenye maua na kamba za kulifungia pembeni, ndilo linalopendwa zaidi sebuleni, na kwa macho linapendeza kweli. Hata hivyo, kwa upande wa joto linafika limechelewa. Jua likishapita kwenye kioo, joto lake limeshaingia ndani. Pazia hulipokea, hupata moto lenyewe, kisha huupeleka kwenye hewa ya chumba. Mbali na hilo, pazia la aina hiyo huziba upepo wa bahari unaovuma mchana na alasiri, ambao ndio msaada mkubwa tuliopewa na mahali tunapoishi, na hukusanya vumbi ambalo si rahisi kulifua kila mwezi. Mtu ninayemshauri alichague bila kusita ni yule anayefanya kazi za usiku, kama muuguzi au mlinzi, anayehitaji giza ili alale mchana.

Kivuli cha nje hufanya kazi kwa mpangilio tofauti kabisa, kwa sababu hulizuia jua kabla halijagusa kioo wala ukuta. Kinaweza kuwa jamvi kuukuu, pazia la vijiti vya mianzi, kipande cha turubai la rangi nyepesi au makuti yaliyofumwa, na kwa kuwa madirisha mengi ya chini yana grili ya nondo, kukifunga hakuhitaji kutoboa ukuta. Kiachie nafasi ya kiganja kimoja au viwili kati yake na dirisha ili hewa ipite nyuma yake, kwani kikibanwa kwenye kioo nusu ya faida hupotea. Upungufu wake ni kwamba huonekana kutoka nje, hivyo ni adabu kumweleza mwenye nyumba kwanza, na kwamba upepo wa kusi na mvua za masika hukichakaza, hivyo usitegemee kidumu miaka. Kwa dirisha la magharibi, hakuna kitu kingine cha bei hiyo kinachokikaribia.

Pazia jepesi la pamba linakaa katikati ya hayo mawili. Halizuii joto kwa kiasi kikubwa, lakini huwazuia wapita njia wasione ndani na bado huruhusu upepo kupita. Doti ya kanga inatosha dirisha la kawaida, hufuliwa na kukauka siku ileile, na siku ya kuhama huingia kwenye begi. Ukiwa na hofu ya kuonekana, tundika pazia la nusu linaloziba sehemu ya chini ya dirisha tu na kuiacha ya juu wazi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu na hapo ndipo inapotafuta njia ya kutokea.

Kabla ya kununua pazia la aina yoyote, angalia dirisha lenyewe. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo yamejaa katika nyumba mpya, hufunguka nusu tu hata ukiyafungua hadi mwisho, ilhali yale ya zamani ya vioo vya kulala karibu yote huwa wazi. Wavu wa mbu nao hupunguza upepo, na ukiziba kwa vumbi hupunguza zaidi, jambo ambalo watu wengi hulisahau kwa kuwa wavu huchafuka polepole. Kuusugua kwa brashi laini na maji ya sabuni ni kazi ya nusu saa, haina gharama, na katika vyumba vingi inaleta nafuu inayozidi pazia jipya.

Kuhusu feni, inafaa kukumbuka kwamba haipozi hewa bali hukausha jasho kwenye ngozi, kwa hiyo kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kula uniti bure. Feni ya darini yenye wati 60 ikiwashwa saa 8 kila usiku hutumia uniti 14 na kidogo kwa mwezi. Feni ya kusimama, kwa mpangaji, ina faida moja ambayo ile ya darini haina: jioni, hewa ya nje inapokuwa imepoa kuliko ya ndani, unaweza kuiweka mbele ya dirisha ikivuta hewa hiyo kuingia, huku mlango wa upande wa pili ukiwa wazi.

Taa: nyeupe ya darini, au ya manjano iliyoshuka chini

Kama joto ndilo adui wa mchana, taa moja kali ya darini ndiyo inayoharibu jioni. Nyumba nyingi zina balbu moja katikati ya dari, nyeupe kiasi cha kuelekea buluu, na chini yake watu hula, hupumzika na kuzungumza kana kwamba wako duka la dawa. Badiliko hapa ni la gharama ndogo sana, na linahisiwa usiku uleule.

Kwenye boksi la balbu ya LED utaona namba yenye herufi K. Balbu iliyoandikwa 6500K hutoa mwanga mweupe wa baridi. Ya 4000K ni nyeupe ya kawaida. Ya 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano unaokaribia ule wa balbu za zamani. Wati hazihusiani na rangi ya mwanga. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia wa ile ya zamani ya wati 60, na ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 1.35 kwa mwezi, ambapo ile ya zamani ingetumia uniti 9. Kwa hiyo hoja ya umeme haiwapendelei weupe wala manjano, na uchaguzi unabaki kuwa wa kazi inayofanyika mahali pale.

Jikoni, mahali pa kushonea, na meza ya mtoto anayesoma, chagua nyeupe, tena ile ya 4000K badala ya 6500K, kwa sababu inaonyesha vizuri bila kuchosha macho. Sebuleni na chumbani chagua ya manjano. Chini yake ngozi za watu huonekana zenye uhai na mchuzi wa nazi huonekana na rangi yake, wakati chini ya taa nyeupe sana chakula kilekile huonekana kimepauka. Mwanga wenye buluu nyingi usiku pia huchelewesha usingizi, na huvuta wadudu kuliko wa manjano, jambo ambalo familia yoyote iliyowahi kuvamiwa na kumbikumbi baada ya mvua italielewa mara moja.

Urefu wa mahali taa ilipo una uzito sawa na rangi yake. Taa ya mezani, au hata balbu ndogo kwenye waya yenye swichi iliyowekwa nyuma ya kochi, hutupa mwanga ukutani na kuacha pembe nyingine na kivuli, na chumba kidogo huonekana kina kina zaidi. Taa mbili ndogo ndogo za chini ninazipendelea kuliko moja kubwa ya juu, na zote mbili utahama nazo. Kabla ya kwenda dukani, fungua balbu iliyopo uangalie kitako chake, kama ni cha pini mbili za kubana au cha kuzungusha, kwani aina zote mbili zinauzwa na hazibadilishani.

Sakafu: zulia, kapeti la plastiki, au mkeka

Zulia nene la dukani lina heshima yake, na wageni huliona wanapoingia. Katika mji wa bahari, hata hivyo, linaishi maisha magumu. Unyevu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, huingia kwenye nyuzi zake na kukaa humo, mchanga wa viatu hulikwaruza kwa chini, na kulitoa nje kulipiga ni kazi ya watu wawili. Mtu mwenye pumu au mtoto mwenye mafua yasiyokwisha hana sababu ya kuwa nalo. Kapeti la plastiki linalouzwa kwa mita ni rahisi kupiga deki na huficha sakafu iliyopasuka, na kwa chumba chenye sakafu mbovu ni chaguo la busara. Ubaya wake ni kwamba hukatwa kwa umbo la chumba kimoja, hivyo mara nyingi hubaki pale unapohama, na chini yake unyevu hunaswa hadi ukanusa uvundo.

Mkeka wa ukindu ndio ninaoutetea, na si kwa sababu ya mapenzi ya mambo ya kale. Uchunguze kwa karibu: kwanza husukwa ukili, ule utepe mrefu mwembamba, kisha tepe hizo huungwa ubavu kwa ubavu kwa kushonwa hadi upana utimie, na kwenye viungo hivyo ndipo utaona kama fundi alikuwa makini. Ukili uliobana vizuri hauachi mwanya unapoukunja, na rangi zake za zambarau, nyekundu na kijani huwa zimeingia ndani ya jani, hazibaki kidoleni ukisugua kwa kitambaa chenye maji. Mkeka kama huo ni baridi kwa mwili mchana, hukunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango, na huruhusu sebule ya asubuhi kuwa chumba cha wageni usiku. Upungufu wake ni kuvu wakati wa mvua. Dawa yake ni kuuanika kila jua linapotoka, ukiuanza kwa upande wa chini, na kutouacha umekunjwa ukiwa na unyevu. Jamvi la miaa, ambalo husukwa kwa majani mapana na magumu zaidi, ni la bei ya chini na linafaa barazani au uwani, lakini kwa kukalia kwa muda mrefu huacha alama kwenye ngozi.

Wanaoishi na wazee wafikirie jambo moja la ziada: mkeka juu ya sakafu ya vigae huteleza. Vipande vya mpira vilivyowekwa chini ya pembe nne vinatosha kuondoa hatari hiyo.

Ukuta: kupaka rangi, au kuosha kwanza

Rangi ndiyo badiliko linaloshawishi kuliko yote, na ndilo ninaloliweka mwisho kwa mpangaji. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kuta za mita 2.7 kina karibu mita za mraba 29 za kupaka baada ya kutoa mlango na dirisha. Kwa kuwa lita moja ya rangi ya maji hupaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukuta ukipakwa mara moja, mikono miwili inataka karibu lita 6, yaani galoni moja ya lita 4 na nusu ya nyingine, bila kuhesabu brashi, roli, msasa, gharama ya fundi na siku mbili za vitu kukaa nje. Siku ya kuhama rangi hiyo yote inabaki. Ukiwa na uhakika wa kukaa zaidi ya mwaka, na mwenye nyumba akakubali kwa maandishi kupunguza gharama hiyo kwenye kodi, hesabu inabadilika, na hapo rangi nyeupe au ya maziwa itakurudishia mwanga mwingi kuliko buluu au kijani kilichokolea.

Kati ya rangi ya mafuta na rangi ya maji, usichague ya mafuta kwa ukuta unaotoa chumvi, ule unga mweupe unaochipuka karibu na sakafu katika nyumba nyingi za pwani. Rangi ya mafuta hufunga unyevu ndani, na baada ya muda hutoa malengelenge na kubanduka vipande vipande. Wajenzi wa zamani wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walipaka chokaa, ambayo huacha ukuta upumue, na kwa ukuta wenye unyevu bado hilo ni jibu zuri kuliko kopo la bei ghali.

Kwa wengi, ninachopendekeza ni kuosha. Ukuta wenye alama za mikono karibu na swichi, mafuta juu ya jiko na weusi wa vumbi juu ya feni, ukioshwa kwa sifongo na sabuni kidogo kuanzia chini kupanda juu ili maji machafu yasiache michirizi, hubadilika kiasi cha kumfanya mtu aahirishe mpango wa rangi. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha nyuma ya kabati, kwa kuwa rangi za bei ya chini hutoka na sifongo.

Kuongeza au kupunguza

Katika orodha nyingi za namna hii kupunguza vitu hutajwa kwa kupita tu, ilhali katika sebule ya mita 3 ndicho chenye nguvu baada ya dirisha. Seti ya makochi ya watu saba iliyonunuliwa kwa ajili ya nyumba kubwa, pamoja na shokesi na meza ya kioo, huacha njia ya kupitia kiubavu, na mara nyingi mgongo wa kochi moja huwa umeziba nusu ya chini ya dirisha pekee lililopo. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na vyumba vyembamba, vya upana wa mita 3 au chini yake, kwa kuwa upana ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, na bado hazikubana, kwa sababu vyombo vilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na sakafu ikaachwa kwa watu. Ukilinganisha kununua kitu kipya na kuhamisha kochi moja kutoka mbele ya dirisha, jaribu la pili kwa wiki moja kabla ya kutoa fedha.

Harufu na mimea nitavitaja kwa ufupi. Udi na ubani vinapendeza jioni baada ya nyumba kufunguliwa na kupata hewa. Vikitumiwa kufunika uvundo wa unyevu, vitatoa moshi juu ya uvundo, na tatizo litasubiri hadi asubuhi. Mrehani au mchaichai kwenye kopo dirishani hutoa harufu bila moshi na huingia jikoni pia. Epuka mimea inayokaa kwenye maji na visahani vyenye maji chini ya vyungu, kwa kuwa mbu wanaoeneza dengi huzaliana humo, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

Msomaji aliyeko Nairobi, Njombe, Mbeya au Arusha ageuze sehemu kubwa ya ushauri huu. Huko, usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na pazia zito ninalolikataa pwani ndilo linalostahili kununuliwa kwanza, likishuka hadi sakafuni na kufungwa kabla jua halijazama. Zulia huko lina kazi halisi ya kutenganisha miguu na saruji, dirisha la magharibi ni neema ya alasiri inayofaa kuachwa wazi ipokee jua, na fedha ya kivuli cha nje iende kwenye kuziba mwanya ulio chini ya mlango. La taa halibadiliki: balbu ya manjano inafaa Njombe kama inavyofaa Tanga, na penye baridi huenda ikapendwa zaidi.